Mimi Ndiye Niliyekuwa Naiharibu Chaji ya Ndege ya Mume Wangu

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na sababu nitajikuta najitetea. Mume wangu alijenga ndege. Ndege hiyo ikawa haichaji betri. Alihangaika nayo karibu miaka miwili, akabadilisha vifaa, akagombana na fundi wake, mwishowe akaanguka nayo. Aliyekuwa anaifanya isichaji ni mimi, mke wake.

Jina langu silitaji. Mlioko Milanzi, mtaa wetu, mkisoma mtanijua, na hilo nimelikubali. Majina mengine nimeyabadilisha.

Naandika bila machozi. Watu waliosikia habari hii wananiambia nilie, nitapata nafuu. Nimejaribu, hayaji. Nipo kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, naguswa lakini siumii.

Mume wangu nitamwita Baba Oliva. Ni Mfipa wa huku huku, mwalimu wa ufundi chuma kwenye chuo kimoja. Mimi ni mtu wa Mbeya, nililetwa Sumbawanga na ajira. Niko masijala kwenye ofisi ya serikali, kazi yangu mafaili. Tuna binti mmoja, Oliva, yuko bweni.

Tangu namfahamu Baba Oliva alikuwa mtu wa kutengeneza vitu. Mikokoteni, mashine za kupukuchua mahindi, mageti. Halafu akaanza ndege. Ilimchukua miaka minne uani kwetu. Mabomba ya alumini, mabawa ya kitambaa, kiti kimoja, na injini ya kirikuu, vile vipikapu vidogo vinavyobeba mizigo sokoni. Jumapili watu wakitoka misa walipitia kwetu kuangalia. Wengine walisifu, wengine walicheka. Ofisini wakaanza kuniita mke wa rubani, na mimi nacheka nao.

Alikuwa mtu wa kufuata sheria. Aliandika barua mamlaka ya usafiri wa anga, akajibiwa kwamba mkaguzi atakuja, na mpaka apewe kibali ataiwasha chini tu, aikimbize chini tu, asiinue tairi. Akatii.

Chaji ilianza kusumbua mapema, na hapo mkono wangu haukuwepo. Injini ikiwaka, altaneta inazungushwa na mkanda na inatakiwa ijaze betri, kama kwenye gari. Ikawa leo inajaza, kesho haijazi. Kwenye gari hiyo ni kero tu. Lakini ile injini inavuta mafuta kwa pampu ya umeme, betri ikiisha pampu inasimama na injini inazima. Baba Oliva alinieleza yote hayo. Akasema ndege isiyochaji haitoki chini, hilo halina mjadala.

Alinieleza kwa sababu nilikuwa msaidizi wake. Macho yake ya karibu yamechoka, namba za mita ya kupimia umeme hazioni vizuri, na miwani anaisahau kila mahali. Basi Jumamosi tukishakula mchana nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono mmoja tochi, mwingine mita, yeye kichwa kiko ndani ya injini. Anauliza inasema ngapi, namjibu. Kumi na nne ni nzima. Kumi na mbili na inashuka, haichaji.

Niseme ukweli, zile Jumamosi ndizo zilikuwa raha ya ndoa yangu. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa karakana na marafiki zake, mimi ni mtu wa jikoni. Ndege ilipougua ndipo nikawa na mume wa kukaa naye.

Fundi aliyeipatia dawa alikuwa Desderi. Huyu alikuwa na kibanda cha umeme wa magari hapo Milanzi barabarani, mtu mzima, mpole, baba wa watoto wanne. Mkewe Gaudensia tuko naye jumuiya moja, tumepika pamoja kwenye misiba mingi.

Desderi alikuja akapima kutwa nzima. Jioni akafika kwenye regulata, kile kidude kidogo kinachoiamrisha altaneta ijaze betri kiasi gani. Kilikuwa na waya mwembamba wa kukiunganisha na bodi ya ndege, umefungwa kwa nati kwenye bati la nyuma ya injini. Bati lile Baba Oliva alikuwa amelipaka rangi ya bluu lipendeze. Desderi akafungua nati, akakwangua rangi kwa msasa mpaka bati likang'aa, akanionyesha.

"Mama Oliva, umeme haupiti kwenye rangi," akasema.

Akafunga. Wakawasha injini, nikasoma mita. Kumi na nne. Baba Oliva alimkumbatia Desderi na mikono yake ya grisi.

Kisha Desderi akaniuliza kama nina rangi ya kucha. Nikatoa chupa yangu nyekundu kwenye pochi. Akachora mstari mdogo kuanzia kwenye nati mpaka kwenye bati. Akasema ndege inatetemeka sana, nati zinaweza kulegea, lakini mstari huo ukiwa haujakatika mjue nati haijasogea. Msihangaike nayo, mtafute ubovu kwingine.

Mwezi uliofuata tuliivuta kwa pikapu mpaka uwanda ulio nje ya mji, pale ambapo watu wakishavuna wanaachia ng'ombe. Mwaka ule upepo wa Juni ulikuwa mkali. Baba Oliva akaikimbiza chini kama kawaida. Upepo ukapiga kwa mbele, na ndege ikanyanyuka.

Haikwenda juu sana. Labda kimo cha mbuzi. Lakini mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nikaona mwanga kati ya tairi na ardhi. Niliona upande wa pili, nikaona miguu ya ng'ombe kupitia chini ya mume wangu.

Ikashuka, ikadunda, ikasimama. Akashuka mbio kuja kwangu, anacheka kama amelewa. Akaniuliza kama nimeona. Nikamwambia nimeona.

Hilo tu ndilo nililosema. Nimeona.

 Wiki ile nikifumba macho naona ule mwanga. Halafu barua ikaja kwamba mkaguzi atafika baada ya wiki mbili. Baba Oliva aliisoma kwa sauti mezani. Niliinuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Siku ya Jumatano saa ya chakula cha mchana nilipanda bodaboda kutoka ofisini nikaja nyumbani. Baba Oliva alikuwa chuoni. Nilichukua spana namba kumi, nikafungua ile nati. Nilikuwa na chupa nyingine ya rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, ya kupaka juu ili nyekundu ing'ae. Nikaipaka kwenye kichwa cha waya kwa chini, nikapaka na pale bati lilipokwanguliwa. Nikapuliza ikauke kama ninavyopuliza vidole vyangu. Nikakaza nati. Nikafuta mstari wa Desderi kwa dawa ya kuondolea, nikauchora upya, mwekundu, mahali palepale.

Halafu nikarudi ofisini nikapanga mafaili mpaka jioni. Mkono haukutetemeka. Ningependa kuwaambia ulitetemeka.

Mkaguzi alipokuja, mtu mwenye adabu sana, injini iliwaka vizuri. Baada ya dakika kadhaa taa ya chaji ikawaka nyekundu. Aliandika kwenye karatasi zake, akasema kazi ni nzuri ila umeme hauaminiki, wamalize hilo kwanza ndipo wamwite. Baba Oliva akaitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana. Mimi nilipeleka soda. Nilikuwa na furaha, ndugu zangu. Mume wangu amesimama uani kaishiwa nguvu, na mimi moyoni nasema asante Mungu, yuko chini.

Desderi aliitwa. Kitu cha kwanza aliangalia mstari. Mstari mzima. Akasema nati haijaguswa, basi ubovu uko kwingine. Wakabadilisha regulata. Katika kubadilisha walifungua waya na kuufunga tena, Desderi akauchora mstari wake upya, na ile rangi yangu ikawa imekwaruzika kidogo, umeme ukapita. Mita ikasoma kumi na nne. Wakaamini regulata ndiyo ilikuwa mbovu.

Nikapaka tena.

Safari ya pili wakabadilisha altaneta na regulata kwa pamoja. Ikapona. Mkaguzi akaitwa tena. Siku mbili kabla hajafika nikapaka kwa mara ya tatu.

Mnaona jinsi ilivyokuwa? Kila walipofunga kifaa kipya inapona siku chache, halafu inarudi palepale. Fundi yeyote angesema vifaa vinakufa. Na kila mara Desderi alianza kwa kuangalia ule mstari wake, akauamini, akauruka. Alama aliyoiweka kwa nia njema ndiyo niliyoitumia kumpoteza njia.

Siku ile ya mkaguzi wa mara ya pili sitaisahau. Taa iliwaka mbele yake tena. Alifunga kalamu yake, akasema safari hii anataka injini ichaji kwa muda wa saa kumi bila kukosea, ziandikwe na zishuhudiwe, vinginevyo asisumbuliwe kuja toka mbali. Akaondoka.

Watu walikuwa wamejaa uani, majirani, wanafunzi wa chuo, watu wa jumuiya. Baba Oliva hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Siku hiyo alimgeukia Desderi akamwambia mbele ya wote kwamba anamfungia vifaa vilivyotolewa kwenye magari ya ajali na kumwambia ni vipya. Akasema haiwezekani altaneta mpya ife kwa mwezi mmoja. Akamwita mwizi.

Desderi alikuwa bado ameshika spana. Alisema yeye hajamwibia, anaweza kumpeleka mpaka dukani aliponunua. Baba Oliva akasema hataki kusikia.

Ndipo Desderi akanitazama mimi.

"Mama Oliva, wewe ndiye unasoma mita siku zote. Waambie. Nikiondoka hapa inasoma ngapi?"

Ningeweza kusema. Nilikuwa na nafasi ile.

"Mimi nasoma namba tu," nikamjibu. "Mambo ya vifaa siyajui."

Akaweka spana kwenye sanduku lake. Akavifunga vitu vyake taratibu, kimoja kimoja, akaaga, akaondoka.

Milanzi si kubwa. Wiki ile ile wenye magari wakaanza kumpita. Mtu akiwa na gari linasumbua umeme anaambiwa usipeleke kwa yule, anafunga vya kuokoteza. Baada ya miezi kadhaa alikifunga kibanda, akahamishia familia Laela, mji mwingine, akatafuta riziki stendi. Gaudensia alikuja kuiaga jumuiya. Alimpa kila mmoja wetu mkono. Na mimi alinipa, akaniambia tuombeane. Mkono wake ulikuwa na baridi, nadhani alikuwa ametoka kufua.

Mnaweza kuuliza, sikuona niliyoyafanya? Niliona. Lakini nilijiambia Desderi yuko hai, atapata kazi nyingine, na mume wangu yuko hai. Niliweka watu wawili kwenye mizani na nikaona imekaa sawa.

Sitasema yote yalikuwa mapenzi. Kulikuwa na uoga, kweli. Lakini kulikuwa pia na zile Jumamosi. Desderi alipoondoka nilibaki mimi peke yangu na mume wangu na ndoo yangu na mita. Nilipata nilichotaka.

Baba Oliva alianza kubadilika. Alikuwa akikaa mbele ya injini bila kugusa kitu. Aliniuliza siku moja, kwa sauti ya chini, kama naona mikono yake imepoteza ufundi. Nikamwambia hapana, pumzika kidogo. Aliifungua regulata mwenyewe, akaifunga tena, ikapona wiki moja. Siku ya Alhamisi nikapaka mara ya nne, na alipoiwasha taa nyekundu ikarudi.

Jumamosi iliyofuata aliniambia anaivuta uwandani kwenda kuiwasha tu, nisijisumbue, nipumzike. Mimi nikaenda sokoni. Sikujua alichokuwa amepanga. Alikuwa amekata tamaa na mkaguzi, amekata tamaa na chaji. Alikuwa amepiga hesabu kwamba betri ikijazwa kabisa kwa umeme wa nyumbani, inaweza kuendesha pampu kama dakika arobaini bila altaneta. Yeye alitaka dakika tano tu. Apande, ageuke, ashuke. Angalau siku moja.

Ile betri ilikuwa imeshachoka. Kuendeshwa miezi na miezi bila kuchajiwa vizuri kuliiua ndani kwa ndani. Mita inakuonyesha imejaa, lakini nguvu hakuna. Hilo sikulijua. Nilijua kuzuia chaji, sikujua kwamba naua na betri.

Nilikuwa nachagua nyanya simu ilipoita. Namba ngeni. Mama mmoja aliniambia kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifipa kwamba wameipata namba yangu kwenye simu ya mtu aliyeanguka na ndege kwenye ulezi wao. Akasema anapumua. Nikazilipia nyanya. Nikangoja chenji. Kisha nikatafuta bodaboda.

Wale kina mama walikuwa wanakata ulezi na visu vyao vidogo. Walinisimulia baadaye. Wanasema waliiona inapita juu yao, wakaipungia mikono, naye akawapungia. Halafu ikanyamaza. Hawakusema ilipasuka wala ilitoa moshi. Wote walitumia neno hilo hilo, ilinyamaza. Ikashuka ikiyumba, bawa likagusa kwanza.

Hakufa. Paja lilivunjika, na kiwiko cha mkono wa kulia. Alikaa hospitali wiki nyingi. Mguu haukurudi kama zamani, anatembelea gongo mpaka leo.

Wiki ya pili akiwa wodini ilitakiwa aandike maelezo ya kupeleka mamlakani. Mkono wake ulikuwa kwenye plasta. Akaniomba nimwandikie. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na karatasi za ofisini. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anakula uji.

"Andika," akaniambia. "Niliruka bila kibali, huku nikijua mfumo wa chaji una hitilafu ambayo nilishindwa kuipata. Kosa ni langu peke yangu."

Nikaandika. Nilipofika kwenye maneno "peke yangu" akaniuliza kama nimeiandika hiyo. Nikasema nimeiandika. Akasaini kwa mkono wa kushoto, mwandiko kama wa mtoto. Chini palikuwa na nafasi ya shahidi. Nikasaini mimi.

Tangu hapo ndipo ganzi iliponishika. Nilitembea kutoka wodini mpaka getini sikuisikia miguu yangu. Nilipika, nilikwenda kazini, nilisali rozari na wenzangu. Kila kitu nilikifanya, na hakuna kilichonigusa.

Nilikaa kimya miezi mitano mingine. Yaani hata baada ya kumwona amevunjika, miezi mitano!

Kilichonifungua mdomo ni kitu kidogo. Mvua zilikuwa zimeanza. Baba Oliva alirudi kutoka chuoni, akakaa barazani, akaniambia amemwomba mkuu wa chuo amtoe karakana amweke stoo. Nikamuuliza kwa nini, mguu unauma? Akasema mguu si tatizo. Akasema mtu aliyeshindwa na waya miaka miwili hana haki ya kufundisha watoto wa watu ufundi, watakuja kuua mtu. Alisema hivyo huku anafungua kamba za viatu.

Nilikuwa nachambua maharage kwenye ungo. Nikaendelea kuchambua, nikamwambia. Sikumtazama. Nilimwambia kuhusu mwanga chini ya tairi, Jumatano ya kwanza, spana, chupa mbili, mstari. Nilimwambia kwa mpangilio, kama ninavyosoma orodha ya mafaili.

Alivua kiatu kimoja, akakiweka pembeni. Mvua ilikuwa inagonga bati.

"Mara ngapi?" akaniuliza.

"Mara nne."

"Na Desderi ulimwona naye anaondoka."

Nikasema ndiyo.

Nilitegemea anipige, ingawa hajawahi. Nilitegemea anifukuze. Aliinuka na gongo lake akaingia ndani. Aliporudi alikuwa amevaa koti. Akaniuliza mabasi ya kwenda Laela bado yapo saa hizi. Nikamwambia mvua hii, twende kesho. Akavua koti. Kesho yake alfajiri alikuwa ameshavaa kabla sijaamka.

 Ndani ya basi, tulipokaribia kufika, nikamuuliza, kama ningekuambia naogopa, ungeacha?

Alifikiri. Hakunijibu haraka ili kuniumiza, alifikiri kweli.

"Sijui," akasema. "Labda nisingeacha. Lakini lingekuwa jambo la watu wawili."

Desderi tulimkuta stendi, yuko chini ya basi anafunga waya za taa. Alitoka, akamwona Baba Oliva na gongo, akaondoa kofia. Alikuwa amesikia habari za ajali. Alimpa pole, akamtafutia kiti. Baba Oliva akasema hakuja kukaa, mama ana neno.

Nikasema neno langu nimesimama, watu wakipita na magunia. Safari hii nilimtazama.

Desderi hakukasirika kama nilivyofikiri. Alichotaka kujua kwanza ni ile rangi, kama niliipaka kwa chini au kwa juu. Nikamweleza. Akatikisa kichwa polepole.

"Kila siku nilikuwa naanza na ule mstari," akasema. "Najiambia hapa ni salama, hapa nilifunga mimi. Mama, nilifika mahali nikaamini labda kweli mimi ni mwizi na sijijui."

Baba Oliva alimwomba msamaha. Alijaribu kupiga magoti, mguu ukakataa, Desderi akamshika asianguke. Wale wanaume wawili walisimama pale wameshikana, mmoja ana gongo, mwingine ana koleo. Mimi nilisimama pembeni na pochi yangu.

Gaudensia alitoka kwenye genge lake la jirani. Mumewe akamweleza kwa maneno machache. Alimletea Baba Oliva chai. Mimi hakunitukana. Hakuniona tu, kama vile pale niliposimama hapakuwa na mtu.

Desderi alinitaka kitu kimoja. Alisema aliitwa mwizi Milanzi, mbele ya watu, basi hilo liondolewe Milanzi, mbele ya watu. Nililifanya, kwenye jumuiya, siku ya Jumamosi, watu wakiwa wamekuja wengi kuliko kawaida. Wazee walinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza mama mmoja alianzisha sala. Tangu siku hiyo kwenye misiba napewa kazi ya kuosha vyombo, jikoni hawaniiti.

Baadhi ya waliokuwa wateja wake walimfuata Laela kumwomba arudi. Alikataa. Alisema kule wanamjua kwa kazi aliyoifanya kule.

Baba Oliva alirudi karakana, hilo nashukuru. Mkono wake ulipopona aliandika maelezo mapya ya kupeleka mamlakani. Niliyaona mezani kabla hajayafunga kwenye bahasha. Sikuona jina langu humo. Alikuwa ameandika kwamba hitilafu ilisababishwa na "mtu niliyemwamini."

Sasa hivi tunaishi nyumba moja. Ananisalimia, anakula nilichopika, anasema asante. Oliva akija likizo tunacheka mezani. Ndege iko uani chini ya turubai, bawa moja limekunjika. Juzi alilifunua turubai akafanya kazi huko mpaka jua likashuka, peke yake, na miwani yake. Nilimuuliza kama anahitaji mtu wa kumsomea mita. Akasema hapana, anaona.

Simlaumu. Kila nikigusa kitu chake anakikagua baadaye, naona. Chumvi, vidonge vyake, hata valvu za baiskeli. Anakagua kwa heshima, nikiwa nimetoka.

Basi nawaambia ninyi mnaosoma, hasa wake wenzangu, na waume pia. Kuna mtu wako anafanya kitu kinachokutisha. Anaendesha bodaboda usiku, anakwenda migodini, anataka kuacha kazi, anataka kuruka. Usimzuie kwa mlango wa nyuma ukaita huo ni upendo. Utamzuia, ndiyo, mimi niliweza karibu miaka miwili. Lakini atakuwa anapigana na kitu asichokiona, na atakayeumia ni mtu asiyehusika, halafu ni yeye, halafu ni wewe.

Kaa naye mchana, mezani, mwambie naogopa. Ni neno moja. Atakucheka, atakukasirikia, labda atakwenda hivyo hivyo na wewe utabaki unalia. Afadhali hiyo. Mimi nilishindwa kulitamka kwa mume wangu, na sasa nikilitamka hana njia ya kujua kama ni kweli.